Gobori halikuzaliwa duni

Ukifungua kamusi kulitafuta neno gobori, utapewa maelezo ya mstari mmoja: bunduki ya kizamani inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni. Basi. Kamusi nyingine huongeza kwamba hufyatua risasi moja tu kisha mwenyewe aanze upya. Maelezo hayo ni sahihi, ila yamelikata neno kutoka kwa jamaa zake. Gobori lina ukoo mkubwa katika Kiswahili, na ukiwasikiliza jamaa hao wakizungumza utajua kwa nini bunduki ya risasi moja yenye mdomo mpana iliundwa, nani aliihitaji, na nani aliamua ibaki mikononi mwa watu wetu wakati wengine wameshaitupa.

Nimelazimika kulirudia neno hili kwa sababu ya ujumbe wa mwalimu mmoja wa historia anayefundisha Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi. Mwanafunzi wake aliandika katika insha kwamba Wagiriama walishindwa mwaka 1914 kwa kuwa walipigana kwa mishale na magobori, "silaha duni". Mwalimu huyo ananiambia: "Nimempa alama yake, lakini roho inanikwaruza. Duni ukilinganisha na nini? Na kama risasi moja ndiyo uduni, mbona wawindaji wa Kizungu waliokuja kuua ndovu huku kwetu nao walibeba bunduki za risasi moja, tena zenye midomo mipana kuliko ya gobori?"

Swali limekaa vizuri. Tuanze na mzinga, maana yeye ndiye baba wa ukoo.

Mzinga ni nini? Kwa mtu wa Ganda, na kwa Mmijikenda yeyote anayefuga nyuki, mzinga ni kipande cha gogo kilichotobolewa ndani kikawa uwazi mrefu, kikatundikwa mtini ili nyuki waingie. Mzinga wa vita nao ni gogo la chuma au shaba lenye uwazi mrefu ndani. Tofauti ni kwamba kinachotoka humo hakina asali. Waswahili walipoiona silaha hiyo kubwa hawakuazima jina la Kireno wala la Kiarabu. Walitazama umbo, wakasema: huu ni mzinga. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi Aprili 1498, mfalme wa Malindi alizungushwa baharini kuvitazama vyombo vya wageni, na mizinga ikapigwa kwa heshima yake. Hadi leo tunasema rais amepigiwa mizinga 21. (Vijana wa Nairobi wanaoagiza "mzinga" baa, na wale wa Dar es Salaam "wanaopigana mizinga" ya kuombana pesa, nawaachia siku nyingine.)

Jina bunduki lilikuja kwa njia tofauti. Kwa Kiarabu, bunduq ni aina ya kokwa, na kwa kufananisha ikawa pia jina la kigololo cha udongo au risasi kilichorushwa kwa upinde wa pekee uliotumiwa kuwinda ndege, zamani kabla ya baruti kuenea. Baruti ilipokuja, jina la kigololo likahamia kwenye chombo kipya kinachokirusha. Wapo wanaosema kwamba neno hilo linatokana na Venice, mji ambao Waarabu huuita al-Bunduqiyya. Yanafanana kwa sauti, lakini njia ya kokwa na kigololo inanishawishi zaidi. Risasi nayo ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kinachoua: ar-rasas, ile metali laini na nzito iyeyukayo juu ya moto wa kawaida wa jikoni. Mpaka sasa Kiswahili hakijatenganisha madini na kitu kilichotengenezwa kwayo. Mkemia husema "risasi" na polisi husema "risasi", na kila mmoja ana haki yake.

Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye gobori tayari tuna mambo matatu: uwazi mrefu, kigololo na madini mazito. Sasa hebu tufanye kama mafundi. Tuseme tunataka kubuni bunduki ya mkono, ya risasi moja, itakayorusha kigololo kikubwa kuliko vyote ambavyo mtu anaweza kuvivumilia begani. Swali la kwanza la fundi ni: kwa nini kikubwa?

Hapa ndipo wengi hukosea. Hudhani mdomo mpana ni alama ya nguvu. Kumbe mdomo mpana ni dawa ya udhaifu, na udhaifu wenyewe umo ndani ya baruti. Baruti ile ya zamani, nyeusi, yenye moshi kama wa tanuri la chokaa, haiwezi kuisukuma risasi kwa kasi kubwa upendavyo. Ukiongeza kipimo, mwendo huongezeka kidogo tu. Baruti nyingine hutoka mdomoni ikiwaka hewani, na moshi na masizi huongezeka. Fundi wa karne ya 19 aliyetaka risasi yake imwingie ndovu hadi moyoni hakuwa na njia ya kuiharakisha sana. Njia aliyobaki nayo ni uzito. Na kwa kuwa risasi ya wakati huo ilikuwa tufe, uzito ulimaanisha upana.

Mafundi wa Uingereza walipima mdomo wa bunduki kwa njia ambayo mama muuza duka wa zamani angeielewa mara moja: kwa ratili. Chukua ratili moja ya risasi, igawe katika matufe yaliyo sawa. Idadi ya matufe ndiyo jina la mdomo. Bunduki ya 12 ni ile ambayo matufe yake 12 hufanya ratili, na tufe lake lina kipenyo cha milimita 18 na nusu hivi. Bunduki ya 4 hurusha robo ratili, karibu gramu 113, kipenyo kikikaribia milimita 27. Ya 2 hurusha nusu ratili, gramu 227, na tufe lake ni milimita 34 hivi. Linganisha ya 12 na ya 2: kipenyo hakijafika hata maradufu, lakini uzito umekuwa mara 6. Ndivyo matufe yalivyo. Kipenyo kikizidishwa mara mbili kamili, uzito huzidi mara 8. Fundi anayepanua mdomo kidogo kidogo atajikuta ameingia gharama asiyoitarajia.

Gharama ya kwanza ni chuma. Kasiba (neno hili nalo ni la Kiarabu, maana yake ya asili ni tete au mwanzi) inapopanuliwa, kuta zake lazima zinenepe kwa kadiri hiyohiyo ili zihimili msukumo uleule wa moshi, la sivyo hupasuka. Uwazi mpana na kuta nene ni sawa na chuma kingi, na chuma kingi ni mtu wa kuibeba. Ndiyo maana bunduki hizi kubwa zikawa za kasiba moja na risasi moja. Si kwamba mafundi hawakujua kuunda za kasiba mbili, walijua, na zipo za 8 na hata za 4 zenye kasiba mbili. Lakini kila ulipokaribia nusu ratili, kasiba ya pili iligeuka mzigo wa punda.

Gharama ya pili hulipwa na bega. Kinachosukumwa mbele husukuma nyuma, na hesabu yake mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Tuseme bunduki yetu ina ratili 20, yaani kilo 9 hivi, karibu nusu ya debe la maji. Tuseme tufe la gramu 227 linatoka kwa mwendo wa mita 400 kwa sekunde. Zidisha, gawanya: bunduki itarudi nyuma kwa mita 10 kwa sekunde. Bunduki ya askari wa Uingereza ya miaka ya 1890, iliyorusha risasi ya gramu 14 kwa takriban mita 600 kwa sekunde, ikiwa na kilo 4 hivi, ilirudi kwa mita 2 tu. Sasa fikiria chuma cha kilo 9 kikikujia begani mara 5 kwa kasi zaidi ya hapo. Ukipunguza uzito wa bunduki ili mbebaji apumue, bega ndilo litakalolipa. Ukitaka kulihurumia bega, mbebaji atalia. Hakuna ufundi unaolikwepa deni hilo. Unaweza kuamua tu nani alilipe.

Na bunduki hiyo haikubaki karatasini. Samuel Baker, Mwingereza aliyepanda Mto Nile na mkewe Florence kuanzia 1861 hadi wakalifikia Ziwa Albert, katika Uganda ya leo, mwezi Machi 1864, alikuwa nayo. Iliundwa na Holland wa London: kasiba moja, ratili 20, ikirusha kombora la nusu ratili lililojazwa baruti ili lipasuke ndani ya mnyama. Baker alikuwa mtu wa miraba minne, lakini mwenyewe ameandika kwamba ilimzungusha, na kwamba aliiogopa. Kwa miaka yote aliyokuwa nayo aliipiga mara 20 hivi. Yaani bunduki ilibebwa maelfu ya maili, juu ya ngamia, juu ya mabega ya wapagazi, ili ifyatuliwe mara 20! Haikukosa kuua, anasema. Ila nina hakika wapagazi, kama wangeulizwa, wangekuwa na hesabu yao.

Kinachonivutia zaidi ni jina lake. Waarabu wa Sudan waliofuatana na Baker ndio walioibatiza: jana al-madfa, mtoto wa mzinga. Baker akaona jina ni refu, akakata, akaiita "mtoto" tu kwa Kiingereza. Angalia jinsi akili ya lugha inavyofanya kazi. Watu wale walikuwa na jina la bunduki, na walikuwa na jina la mzinga. Kitu hiki hakikuwa bunduki, hakikuwa mzinga. Kilikuwa kimezaliwa na mzinga, lakini hakijakua. Nikipewa leo maandishi ya Baker niyatafsiri, siwezi kuandika "bunduki kubwa" nikalala usingizi. Nitaandika mtoto wa mzinga, na Mswahili wa Malindi ataelewa bila maelezo ya chini.

Turudi sasa kwa ndugu wa kawaida, gobori. Halikuwa na tufe la nusu ratili wala la robo. Lakini sheria za chuma, baruti na bega zililitawala vilevile, na matatizo mengine ya ufundi yameacha alama katika Kiswahili kuliko katika chuma chenyewe. Tatizo kubwa lilikuwa moto: utaufikishaje kwenye baruti iliyofungiwa ndani ya kasiba? Jibu la kwanza lilikuwa utambi unaowaka polepole, nao tuliuita mrau. Bunduki yake ni bunduki ya mrau. Jibu la pili lilikuwa jiwe linalogonga chuma na kutoa cheche: gumegume. Jibu la tatu, la karne ya 19, ni kikofia kidogo chenye dawa inayolipuka ikigongwa: fataki. Maneno matatu, hatua tatu za historia ya ufundi wa dunia, na Waswahili wa pwani walizishuhudia zote.

Maneno hayo hayakufa. Yamehama makazi. Fataki leo ni zile za sikukuu, na miaka kadhaa iliyopita Watanzania walilifanya jina la wazee wanaowarubuni wasichana wa shule. Gumegume imehamia kwa wanaume: mume gumegume ni yule asiye na faida nyumbani. Mimi nadhani njia ilipitia kwenye bunduki yenyewe, maana bunduki ya jiwe ilijulikana kwa kugonga, kutoa cheche nyingi, kisha isilie. Wanaojua njia nyingine waniandikie. Kushindilia nako, kazi ya mdeki, ule ufito wa kusukumia baruti na risasi chini ya kasiba, leo ni kazi ya mtu mwenye njaa mbele ya sahani ya pilau.

Lakini neno linaloshinda yote ni kiasi. Mababu zetu waliita kiasi kile tunachokiita leo risasi nzima, yaani ganda, baruti na kichwa chake vikiwa pamoja. Kwa nini kiasi? Kwa sababu mtu wa gobori alimimina baruti kwa kukadiria kutoka kwenye pembe au kibuyu, na akizidisha, kasiba hupasuka. Akipunguza, risasi huangukia miguuni pake. Yule mwenye bunduki mpya alipewa kipimo kilichopimwa tayari na mtu mwingine, mbali sana, kiwandani. Kiasi ni kukadiria kulikotolewa mikononi mwa mpigaji.

Hapo ndipo swali la mwalimu wa Ganda linapoanza kupata jibu. Maana anayekupimia kiasi anaweza pia kukunyima. Bunduki inayofunguliwa nyuma na kutiwa kiasi ni bora kwa kasi na kwa shabaha, hilo sibishani nalo. Lakini siku viasi vinapokwisha inakuwa rungu la bei ghali. Gobori la jiwe halikuwa hivyo. Jiwe la gumegume hupatikana. Risasi huyeyushwa nyumbani, na isipokuwapo, hutiwa marisau, vipande vya chuma, hata vikokoto. Mtambo ukivunjika, mhunzi wa kijiji ataufua. Baruti yenyewe ilinunuliwa kwa vipipa, na haikuchagua aina ya bunduki. Kwa mkulima wa shamba la mahindi anayekesha akifukuza nguruwe na nyani, au kwa msafara ulio miezi sita kutoka pwani, gobori lilikuwa silaha yenye akili. Ubaya wake ni kwamba lilikuwa polepole, lilichukia mvua, na ukimlenga mtu aliye mbali kidogo, ni yeye na bahati yake.

Zilikuwa ngapi? Mwaka 1888, balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, aliripoti kwamba bunduki zilizokuwa zikipita bandarini humo kwa mwaka zilifika kati ya 80,000 na 100,000. Nyingi zilikuwa makuukuu ya majeshi ya Ulaya: kila nchi huko ilipowapa askari wake bunduki mpya, zile za zamani zilitafuta mnunuzi, na mnunuzi alikuwa Unguja. Zilipanda bara kwa misafara na kushuka kwa pembe za ndovu na kwa watu waliofungwa minyororo. Tusilifiche hilo kwa sababu ya mapenzi ya maneno. Mirambo wa Unyamwezi alijenga dola kwa bunduki hizo na rugaruga wake. Hamed bin Muhammed alizitumia kujipatia Manyema nzima, na jina lake la utani, Tippu Tip, wengine husema linatokana na kupepesa macho, wengine husema ni mlio wa bunduki zake masikioni mwa waliokuwa wakizikimbia.

Ndipo zikaja sheria. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliotiwa sahihi na mataifa ya Ulaya pamoja na mengine, Unguja ikiwamo, ulichora mikanda miwili juu ya Afrika, mmoja kwenye digrii 20 kaskazini na mwingine digrii 22 kusini, ukazuia silaha kuingia katika eneo lote la kati. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukomesha biashara ya watumwa, na katika hilo kulikuwa na ukweli. Lakini soma masharti. Kilichopigwa marufuku hasa kwa watu wa nchi ni bunduki za mifuo na zile za mitindo mipya pamoja na viasi vyake. Kilichoachiwa mlango, kwa ruhusa na vibali, ni bunduki za jiwe zisizo na mifuo na ile baruti ya kawaida ya biashara. Wakati huohuo serikali zilizotia sahihi zilijiruhusu kuingiza chochote kwa ajili ya majeshi yao.

Tuseme kwa Kiswahili chepesi: gumegume kwa wenyeji, kiasi kwa serikali. Lile neno la ufundi likageuka kuwa mpaka wa sheria. Kabla ya 1890 gobori lilikuwa hatua moja katika safari. Watu wa pwani walikuwa wametoka kwenye mrau, wakapita jiwe, wakafika fataki, na walio na pesa walikuwa wameshaanza kununua bunduki za viasi. Baada ya hapo safari ikasimamishwa. Uduni wa gobori tunaoukuta katika insha za shule ni uduni uliotiwa sahihi mezani.

Na wakati uliochaguliwa haukuwa wa bahati njema. Miaka michache kabla ya Brussels, Wafaransa walikuwa wamegundua baruti isiyo na moshi, na bunduki yao ya 1886 ikaitumia. Kumbuka hesabu yetu ya fundi: mdomo mpana ulikuwa dawa ya baruti dhaifu. Baruti ilipopata nguvu, dawa haikuhitajika tena. Midomo ikaanza kusinyaa kote Ulaya, kutoka milimita 11 hadi 8, hadi 7. Risasi ndogo ndefu yenye ngozi ya chuma ilipenya kuliko tufe la robo ratili. Mtoto wa mzinga akazeeka kabla ya kukua.

Aliyelithibitisha hilo katika ardhi yetu ni Mskoti, W.D.M. Bell, aliyekuja akiwa kijana wakati reli ya Uganda ikijengwa, akaanza na bunduki ya risasi moja yenye mdomo mdogo wa milimita 7.7, halafu akahamia Karamoja na bunduki ya milimita 7. Aliua ndovu zaidi ya 1,000, wengi wao kwa mdomo huo ambao wawindaji wa kizazi cha Baker wangeuita wa kuulia swala. Siri yake ilikuwa kisu na msumeno: alipasua kichwa cha ndovu aliyekufa ili aone ubongo umekaa wapi. Sisifu idadi hiyo, nasema tu kwamba Bell alikuwa na kitu ambacho mwenye gobori hakuruhusiwa kununua.

Lakini Bell hakuwa wa kwanza kujua kwamba si lazima umgonge ndovu kwa nguvu ya mzinga. Ukitoka Ganda ukielekea bara, ukapita Langobaya kwenda lango la Sala la Tsavo Mashariki, unaingia nchi ya Wata, ambao majirani zao waliwaita Waliangulu. Hawa waliwinda ndovu kwa upinde mkubwa ambao kuuvuta kulihitaji nguvu zaidi ya ratili 100, mtu asiyezoea hawezi hata kuukunja nusu. Mshale mmoja, kwa karibu sana. Kilichoua ni sumu iliyopikwa kutoka mti ambao Wagiriama huuita mutsungu. Kiswahili nacho huiita sumu ya mishale uchungu, neno ni lile lile. Wagiriama walisifika kwa kuipika na kuiuza mbali. Upinde huo ulikuwa silaha ya risasi moja iliyolikwepa deni la bega: haukuwa na mrindimo, haukuwa na moshi, na sumu ilifanya kazi ambayo Baker aliitafuta kwa nusu ratili ya kombora. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililazimika kuendesha operesheni nzima Tsavo dhidi ya watu wenye pinde.

Basi turudi 1914. Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola walikuwa wamewalisha watu viapo mwaka uliotangulia, wakikataa kodi na kutoa vijana wakafanye kazi za Wazungu. Tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipoitangazia Ujerumani vita, Kaya Fungo ilibomolewa kwa baruti. Lugha yetu hutumia neno hilohilo kwa ile ya kwenye pembe ya gobori na ile iliyong'oa kaya ya wazee. Askari wa KAR walikuja na bunduki za viasi, za risasi nyingi. Wagiriama walikuwa hasa na pinde. Walitozwa faini ya rupia 100,000, na waliokuwa kaskazini mwa Mto Sabaki wakaamriwa wahame.

Kwa hiyo, mwalimu wangu wa Ganda, mwanafunzi wako hakukosea kwamba silaha zilitofautiana. Ila "duni" ni neno linalosimama peke yake kama jiwe njiani, halisemi nani aliliweka. Mwambie aandike kwamba walipigana kwa silaha walizoachiwa. Hapo atakuwa ameandika historia, na hutakuwa na haja ya kumpunguzia alama.

Limebaki ombi lako dogo la istilahi. Bunduki ya risasi moja isichanganywe na gobori: gobori hushindiliwa kwa mdomo, lakini zipo za risasi moja zinazofunguliwa nyuma, kama Martini-Henry ya Waingereza ya 1871. Hiyo naiita bunduki ya kiasi kimoja. Za kipimo cha ratili ziitwe kwa ratili zake, bunduki ya robo ratili, bunduki ya nusu ratili, maana namba 4 na 2 zikiachwa peke yake humdanganya msomaji kwamba ndogo ni kubwa. Kipenyo cha kasiba kinatosha kwa vipimo vya milimita. Na zile zinazorusha mfululizo tayari tuna jina lake, bombomu, ambalo halikutoka kwenye umbo wala kwenye moto. Lilitoka masikioni.